Panga Orodha Yako ya FPL Draft kwa Sheria za Ligi Yenu, Hatua kwa Hatua

Ikifika Julai, makundi ya WhatsApp yaliyolala tangu Mei huamka. Mawakala wa Moi Avenue, wahasibu wa Westlands, walimu wa Kangemi na mafundi wa Kawangware hurudi kwenye jambo moja: Fantasy Premier League, au FPL kama kila mtu anavyoiita, mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuvuna alama kwa wanachofanya uwanjani. Wengi huucheza kwa mtindo wa kawaida: una pauni milioni 100 za kubuni, na mchezaji mmoja anaweza kuwa katika timu yako, ya bosi wako na ya askari wa getini kwa wakati mmoja.

Waliochoka kukutana na vikosi vinavyofanana wamehamia FPL Draft, mtindo uliozinduliwa msimu wa 2017/18. Humu hakuna bei. Mnakaa kwenye programu siku moja, mnachagua wachezaji kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu, wengine hawampati tena. Ndiyo maana siku ya uteuzi kila mtu huja na orodha yake ya wachezaji, kuanzia anayemtaka zaidi.

Tatizo ni kwamba wengi hunakili orodha hiyo kutoka YouTube au X. Aliyeitunga aliitunga kwa ligi yake: pengine wako kumi, pengine wanahesabu jumla ya alama, pengine hata hachezi Draft. Nyinyi mko wanane, mnapambana ana kwa ana, na wa mwisho analipa nyama choma. Sheria zikitofautiana, thamani ya mchezaji nayo hutofautiana. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuichukua orodha yoyote na kuipanga upya ifuate sheria zenu. Unahitaji simu, jedwali la Excel au Google Sheets (hata daftari linatosha), na jioni moja au mbili.

Hatua ya 1: Andika sheria zenu kwenye ukurasa mmoja

Usianze na majina. Anza na mwenye ligi, yaani admini, umuulize maswali haya:

- Tuko mameneja wangapi? FPL Draft huruhusu ligi ya watu 2 hadi 16.
- Tunacheza ana kwa ana, yaani kila wiki unapambana na mwenzako mmoja, au kwa jumla ya alama za msimu?
- Kubadilishana wachezaji kunaruhusiwa? Nani anaidhinisha?
- Kila mtu ana sekunde ngapi za kuchagua?
- Pesa zinagawanywaje: mshindi wa msimu peke yake, au pia wa kila mwezi?
- Wa mwisho anaadhibiwaje?
- Pesa za M-Pesa anazishika nani, na anayeacha katikati ya msimu anarudishiwa?

Swali fupi kwenye kundi linatosha. "Boss, msimu huu ni ana kwa ana ama jumla?" Akijibu, "Ana kwa ana, na wa mkia ananunua mbuzi," amekupa habari mbili ambazo hakuna mchambuzi wa London anayezijua. Ziandike juu kabisa ya jedwali lako. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hatua ya 2: Yasahau mazoea ya FPL ya kawaida

Vitu vitatu vya mtindo wa kawaida havipo kwenye Draft: bei, unahodha na karata maalum kama Wildcard. Kila kimoja hubadilisha orodha.

Bila bei, yule beki wa pauni milioni 4 anayesifiwa kila Agosti hana sifa tena. Alisifiwa kwa sababu alikuachia pesa za kununua wengine, na hapa hakuna anayenunua. Mfute, isipokuwa anacheza kila wiki na anavuna alama.

Bila unahodha, nyota wakubwa hushuka kidogo. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alifunga mabao 29, akatoa pasi 18 za mabao na kumaliza na alama 344, rekodi ya mchezo huu. Katika FPL ya kawaida, aliyempa unahodha alizivuna mara mbili kila alipofanya hivyo. Kwenye Draft, 344 ni 344. Mchezaji wa aina hiyo bado ni wa kuchaguliwa kwanza, lakini pengo kati yake na wa pili si lile unalolisikia kwenye video za FPL ya kawaida.

Kwa hivyo kila ukifungua orodha ya mtu, tazama kwanza kama kuna bei au asilimia ya wanaommiliki mchezaji. Ukiziona, jua orodha hiyo si ya Draft.

Hatua ya 3: Soma jedwali la alama, kisha upime kila nafasi

Alama za FPL ni hizi, kwa ufupi:

- Kucheza hadi dakika 60: alama 1. Dakika 60 na zaidi: alama 2.
- Bao: kipa 10, beki 6, kiungo 5, mshambuliaji 4.
- Pasi ya bao: 3.
- Timu kutofungwa: kipa na beki 4, kiungo 1, mshambuliaji hapati kitu.
- Kipa akiokoa mikwaju 3: alama 1. Akidaka penalti: 5.
- Kadi ya njano hupunguza 1, nyekundu 3, kujifunga 2, kukosa penalti 2.
- Wachezaji bora wa mechi hupata alama za ziada, 3, 2 na 1.

Msimu wa 2025/26 uliongeza kitu kikubwa: alama za ulinzi. Beki akifikisha vitendo 10 kwa mechi moja, yaani kuondosha mpira, kuzuia mkwaju, kunasa pasi na kukaba, anapata alama 2. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, ila wao huhesabiwa pia mipira waliyoirejesha kwa timu yao.

Wakenya wana mfano mzuri wa maana ya sheria hiyo. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alicheza mechi 36 za ligi akiwa Tottenham msimu wa 2016/17 na kufunga mabao 4. Kazi yake halisi ilikuwa kukata mipira katikati, na jedwali la alama la wakati ule halikuwa na safu ya kazi hiyo. Meneja wa FPL aliyempenda alikuwa akimpenda kwa uzalendo tu. Kwa sheria za sasa, kiungo wa aina yake ana sababu ya kuwa kwenye orodha, na beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika zote 90 anaweza kuondoka na alama hata baada ya kufungwa.

Nafasi aliyosajiliwa nayo mchezaji ndani ya FPL ina uzito kuliko nafasi anayochezea uwanjani. Msimu wa 2024/25 Erling Haaland alifunga mabao 22 na kupata alama 181. Bryan Mbeumo, akiwa Brentford, alifunga 20 na kupata 236. Mbeumo aliandikishwa kama kiungo, kwa hivyo mabao yake 20 yalizaa alama 100 wakati 22 ya Haaland yalizaa 88. Sehemu nyingine kubwa ya tofauti ilitokana na mechi: Mbeumo alicheza zote 38, Haaland 31. Kila mwaka kabla ya msimu, pitia orodha ya programu uone nani amehamishwa nafasi.

Ikiwa ligi yenu haichezewi kwenye FPL Draft bali kwenye jukwaa kama Fantrax, hatua hii ni nzito zaidi, maana huko admini anaweza kupanga alama mwenyewe: pasi muhimu, krosi, kukaba, kunasa. Winga asiyefunga lakini anayepiga krosi nyingi anaweza kumpita mfungaji. Omba picha ya ukurasa wa alama kabla ya kugusa orodha.

Hatua ya 4: Hesabu uhaba wa kila nafasi

Kikosi cha Draft kina watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Zidisha kwa idadi ya mameneja, uone watachukuliwa wangapi:

| Mameneja | Makipa | Mabeki | Viungo | Washambuliaji |
|---|---|---|---|---|
| 4 | 8 | 20 | 20 | 12 |
| 8 | 16 | 40 | 40 | 24 |
| 10 | 20 | 50 | 50 | 30 |
| 12 | 24 | 60 | 60 | 36 |

Sasa linganisha na ligi yenyewe. Ligi Kuu ina klabu 20, kwa hivyo kuna makipa 20 tu wanaoanza kila wiki. Mkiwa wanane, makipa 16 wanaondoka na wanne wanabaki. Ukikosa kipa mzuri mwanzoni, utaokota mwingine. Mkiwa kumi, idadi inalingana kabisa, na kipa mmoja akipoteza nafasi yake, mtu atabaki na kipa wa benchi. Mkiwa kumi na wawili, makipa wanne kati ya waliochaguliwa hawachezi kabisa.

Kwa washambuliaji hali ni ngumu zaidi. Timu nyingi huanza na mshambuliaji mmoja wa kati, na baadhi ya wanaofunga sana, kama Mbeumo, wameandikwa viungo. Ligi ya watu kumi inahitaji washambuliaji 30 wakati wanaoanza kwa uhakika hawafiki hapo kwa urahisi. Na kwa kuwa kikosi lazima kibaki kipa 2, beki 5, kiungo 5, mshambuliaji 3, huwezi kuliziba pengo la straika kwa kuongeza kiungo.

Hatua ya 5: Toa kiwango cha wa mwisho

Hapa ndipo orodha inapogeuka yako. Kwa kila mchezaji, kadiria alama atakazopata msimu mzima. Anza na alama zake za msimu uliopita, kisha punguza au ongeza kwa sababu unayoweza kuieleza: amehamia klabu nyingine, kocha amebadilika, sasa ndiye anayepiga penalti, alicheza nusu msimu kwa jeraha.

Kisha tafuta mchezaji wa mwisho atakayechukuliwa katika nafasi yake kwa idadi yenu. Katika ligi ya wanane, huyo ni kiungo wa 40 na straika wa 24. Toa makadirio ya huyo wa mwisho kutoka kwa makadirio ya kila mchezaji wa nafasi hiyo. Kinachobaki ndicho thamani yake kwenu.

Tazama mfano wa namba za kubuni. Kiungo A umemkadiria alama 190. Straika B, 170. Kwenye ligi ya wanane, kiungo wa 40 una hakika ataleta 100, na straika wa 24 ataleta 65. Thamani ya A ni 90, ya B ni 105. Straika mwenye alama chache anatangulia, kwa sababu ukimkosa, wanaobaki nyuma yake ni wabovu.

Sasa ligi iwe ya watu wanne. Wa mwisho ni kiungo wa 20, mwenye makadirio ya 130, na straika wa 12, mwenye 115. A anabaki na 60, B na 55. Mpangilio umegeuka, na hakuna mchezaji aliyebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya watu kwenye kundi lenu.

Kwa makipa, rekebisha hesabu kidogo. Mmoja tu ndiye anayecheza kila wiki, kwa hivyo mlinganishe na kipa wa kwanza asiyekuwa chaguo la kwanza la yeyote: kipa wa 9 kama mko wanane. Utaona tofauti inakuwa ndogo, na ndiyo sababu wanaojua huchukua makipa mizunguko ya mwisho.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa aina ya ushindani na zawadi

Ana kwa ana, ushindi ni pointi 3 na sare 1. Kumshinda mwenzako kwa alama 40 na kumshinda kwa alama 1 ni sawa. Mizunguko ya kwanza basi wape nafasi wachezaji wa uhakika: wanaocheza dakika 90, wapiga penalti, mabeki wanaofikisha vitendo vya ulinzi karibu kila wiki. Anayelipuka wiki moja na kulala tatu atakupa ushindi mmoja na vichapo vitatu.

Kwa jumla ya alama, mlipuko nao unahesabiwa, maana kila alama huingia kapuni hadi raundi ya 38. Huyo alipukaye hupanda.

Kama kuna zawadi ya kila mwezi, tazama ratiba ya Agosti na Septemba. Mchezaji mwenye mechi laini mwanzoni anastahili kupanda nafasi chache, mradi utakubali kumwachia mwenzako baadaye. Na kama adhabu ya wa mwisho ni kubwa kuliko zawadi ya mshindi, kama ilivyo kwenye ligi nyingi za ofisini, punguza kamari: usibebe majeruhi wawili ukisubiri wapone Oktoba.

Kubadilishana kukiruhusiwa, unaweza kumchukua mchezaji unayejua shabiki fulani wa Arsenal atamlilia. Kukiwa kumepigwa marufuku, chagua unaowahitaji wewe tu.

Hatua ya 7: Gawa kwa madaraja

Usiingie na orodha ndefu ya namba moja hadi 120. Katika kila nafasi, chora mstari pale thamani inaposhuka ghafla. Washambuliaji watatu wenye 105, 102 na 98 ni daraja moja. Anayefuata akiwa na 71 ni daraja jingine.

Faida yake utaiona zamu ikikaribia. Uteuzi huenda kwa mtindo wa nyoka: wa mwisho mzunguko wa kwanza ndiye wa kwanza mzunguko wa pili. Katika ligi ya wanane, mwenye namba 1 huchagua wa 1, wa 16 na wa 17. Mwenye namba 8 huchagua wa 8 na wa 9, kisha wa 24 na wa 25. Mwenye namba 4 hupata wa 4, 13, 20 na 29. Ukiwa namba 4 na umebakiwa na straika mmoja wa daraja la kwanza kwenye chaguo la 13, huku viungo wa daraja lao wako watano, mchukue straika. Viungo watakaobaki chaguo la 20 watakutosha.

Hatua ya 8: Weka alama za tahadhari

Pembeni ya majina, andika jeraha, mzozo wa mkataba, uhamisho unaosubiriwa na mashindano ya mataifa. AFCON ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025 na kwisha 18 Januari 2026. Aliyekuwa na Salah wa Misri na Mbeumo wa Cameroon kwenye FPL ya kawaida aliweza kuwabadilisha. Kwenye Draft ya watu kumi, viungo wazuri 50 walikuwa tayari na wenyewe. Mwaka wa Kombe la Dunia nao una yake: fainali ya 2026 ilipangwa 19 Julai, na wanaofika mbali huchelewa kurudi mazoezini. Mchezaji mwenye tahadhari hashuki moja kwa moja. Hakikisha tu huna wawili wa nafasi moja watakaokosekana wiki zilezile.

Hatua ya 9: Andaa siku ya uteuzi

Piga hesabu ya muda. Mameneja wanane mara wachezaji 15 ni chaguo 120. Kwa sekunde 60 kila mmoja, uteuzi unaweza kuchukua saa mbili nzima. Msiuweke Ijumaa saa kumi na moja jioni, wakati mmoja yuko ndani ya matatu ya 46 kuelekea Kawangware, mwingine amekwama Waiyaki Way akielekea Kangemi, na data inakatika kila gari linaposimama. Saa mbili unusu usiku ni afadhali, watu wakiwa nyumbani. Chaji simu mapema na uwe na bando, maana stima na Wi-Fi huondoka pamoja.

Siku moja kabla, ingiza madaraja yako kwenye orodha ya wanaofuatiliwa ndani ya programu, kwa mpangilio. Muda wako ukiisha kabla hujachagua, programu hukuchagulia kutoka hapo. Usipoijaza, itafuata mpangilio wake yenyewe, ambao haujui lolote kuhusu ligi yenu. Fanya pia uteuzi wa majaribio, programu inaruhusu.

Hatua ya 10: Usiitupe orodha baada ya uteuzi

Orodha ileile ndiyo itakayokuongoza kwenye maombi ya wachezaji wasio na mwenyewe. Maombi hufungwa saa 24 kabla ya mwisho wa kupanga kikosi, na kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa sita unusu mchana kwa saa za Uingereza, basi Agosti hadi Oktoba kikosi kitafungwa saa saba mchana kwa saa za Nairobi, na maombi Ijumaa saa saba, wengi wakiwa chakula cha mchana au msikitini. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwetu inakuwa saa nane. Kukiwa na mechi ya Ijumaa usiku, maombi hufungwa Alhamisi. Weka kengele kwenye simu.

Kila baada ya raundi nne au tano, sahihisha makadirio, kisha ulinganishe mchezaji wako dhaifu na aliye bora kati ya wasio na mwenyewe katika nafasi hiyo. Tofauti ikiwa ya kweli, omba. Ikiwa ni ya bao moja la Jumapili, tulia.

Kabla ya yote hayo, mwombe admini wenu leo abandike sheria kwenye kundi na kila mmoja azikubali kabla ya kutuma pesa. Asiyekubali ajitoe na arudishiwe pesa yake Agosti, wala msingoje ugomvi wa Desemba.